Baiskeli bila magari kusini: uende Msimbati, Kilwa au Rondo?

Kama umechoka kuendesha baiskeli huku semi inakupigia honi mgongoni, na unachotaka ni siku moja mbili za kupiga pedeli kwa amani, uone pori, uone bahari, upite vijiji vya zamani, basi Mtwara na Lindi ni mahali pako kabisa. Ila chagua kwa akili, maana njia zenyewe hazifanani hata kidogo, na mtu akikosea kuchagua anarudi anasema kusini hapafai kumbe alipeleka baiskeli ya mjini kwenye mchanga wa Msimbati.

Kwanza tuelewane. Huku kwetu hakuna njia iliyojengwa kwa ajili ya baiskeli peke yake. Uingereza walichukua reli iliyokufa kati ya Bristol na Bath, kilomita 21 hivi, wakaifanya njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, wakaimaliza 1986. Na sisi tulikuwa na reli, ile ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga, kutoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea, ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, na mi huwa naumia nikiwaza ingekuwa njia nzuri kiasi gani. Kwa hiyo huku kinachokupa njia bila magari ni kile kinacholishinda gari: maji, mchanga au mlima. Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu mkoani Lindi, ni maji; Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara karibu na mpaka, ni mchanga; Rondo, uwanda wa juu na msitu wake mkoani Lindi, ni mlima na ubovu wa barabara. Na hicho hicho kinacholishinda gari kitakusumbua na wewe, ndo maana kabla ya kuuliza wapi pazuri jiulize kati ya hivyo vitatu we unakiweza kipi.

Alafu kuna watu wanauliza kwani tukikaa tu pembeni ya lami si inatosha? Haitoshi. Barabara ya kutoka Masasi kuja Mnazi Mmoja (ya Lindi, sio ya Dar) mpaka Mtwara mjini sikuhizi inapita malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini, na ikifika Oktoba minada ya korosho ikianza na malori ya korosho nayo yanaingia, semi mbili zikipishana wewe na baiskeli yako huna pa kukaa zaidi ya kushuka kwenye majani. Hata kile kipande cha Mtwara mjini kwenda Mikindani, kilomita kama kumi tu, kipite alfajiri kukianza kupambazuka au Jumapili asubuhi. Usikidharau kwa sababu ni kifupi.

Tuanze na Msimbati maana ndo njia ninayoipenda zaidi na ndo yenye mambo mengi ya kujua.

Njia ya kawaida ya Msimbati inatoka mjini inapita Madimba, kilomita arobaini na kitu mpaka kijijini, na magari ya kwenda kwenye mitambo ya gesi asilia yanaitumia, kwa hiyo mi siipendi kwa kwendea. Ninayokushauri ni kuanzia baharini: shuka feri Mtwara, vuka kwenda Msangamkuu kwa kivuko, dakika chache tu uko upande wa pili na kelele zote za mjini umeziacha nyuma. Kivuko kinabeba na gari, siwezi kukudanganya kwamba hutaona hata moja, lakini ukishapita kijiji cha Msangamkuu chenyewe unakutana zaidi na watu wa miguu, bodaboda moja moja, na wazee na baiskeli zao za inchi 28 zina madumu matatu nyuma, na hao wazee ukiwaamkia vizuri shikamoo ndo watakaokuonyesha vijia ambavyo simu yako haivijui. Vijiji vinafuatana, Sinde, Mkubiru, Nalingu, katikati minazi na mikorosho, huku bahari inajificha na kutokea.

Huo ukanda wote kuanzia ras ya Msangamkuu mpaka mdomo wa mto Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilitangazwa mwaka 2000, ukubwa wake kilomita za mraba 650, na kitu kizuri ni kwamba watu wanaishi ndani yake, sio hifadhi ya kufukuzana. Kuna matumbawe, kuna mikoko minene, kuna fukwe ambazo kasa wanapanda kutaga. Ukiona alama pana za kuburuza kwenye mchanga kutoka majini kwenda juu, hapo kasa amepanda, usipitishe baiskeli juu, zungukia chini upande wa maji maana huko juu yanaweza kuwa yamefukiwa mayai.

Sasa mchanga. Hapa ndo wengi wanaaga mashindano. Kutoka kijiji cha Msimbati kuelekea Ruvula mchanga ni tifutifu, tairi nyembamba inazama mpaka rimu na unaanza kusukuma kwenye jua la saa saba. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni upepo wa tairi: punguza mpaka ukibonyeza kwa dole gumba linaingia kidogo, tairi itatanuka na itapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba, ila ukirudi kwenye njia ngumu jaza tena haraka la sivyo tyubu inabanwa na rimu inatoboka matundu mawili mawili. Ya pili, na ndo muhimu zaidi, ni maji. Pwani ya Msimbati maji yakitoka inabaki sehemu pana ya mchanga mgumu ulioshindiliwa, hata magari yanapita pale, na baiskeli inateleza kama iko kwenye mkeka. Kwa hiyo usiende siku yoyote tu. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana siku hizo maji yanatoka mbali na kwenye pwani yetu yanakuwa yamekauka kuanzia kama saa nne asubuhi, unapata masaa matatu hivi ya kuendesha kwa raha. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ufukwe unabaki mwembamba na umelainika, utasukuma. Mvuvi yeyote pale feri atakuambia maji ya kesho yakoje, muulize usiku ule wa kuamkia safari.

Tatizo la pili la Msimbati ni kusi. Kuanzia Aprili mwishoni mpaka Septemba upepo unatoka kusini mashariki, yaani unakupiga usoni njia nzima ya kwenda, na kurudi unakusukuma. Hii kwangu ni sifa sio kasoro, kwa sababu unateseka asubuhi una nguvu na jioni umechoka upepo unakubeba, lakini ukitoka mjini saa tatu badala ya saa kumi na mbili utakutana na upepo umeshaamka na njia nzima utaiona ndefu mara mbili.

Na kuna la tatu ambalo nalisema kwa uzito. Huko ni mpakani, ng'ambo ya Ruvuma ni Cabo Delgado na hali ya usalama ya upande ule imekuwa mbaya tangu 2017. Beba kitambulisho, ukifika kijiji cha kulala pita kwa mtendaji au mwenyekiti ujitambulishe unatoka wapi unaenda wapi, na usipige picha mitambo ya gesi ya Madimba wala ya Msimbati. Ukifanya hivyo unapokelewa kama mgeni, usipofanya unaulizwa maswali mpaka jioni na wanaokuuliza wana haki kabisa.

Historia upande huu iko Mikindani. Ule mji una boma la Wajerumani la 1895, ndani ya mtaa wa zamani kuna nyumba za mawe na chokaa, nyingine zimebaki kuta na mti umeota katikati, na ghuba yake ndo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kuendesha ndani ya vichochoro vya Mikindani ni raha tupu maana gari haliingii vingi vyake, unapita polepole, milango ya nakshi, watoto wanakimbia nyuma yako, mama anakaanga vitumbua barazani. Shida ni ile lami ya kufika. Mi ningekuambia lala Mikindani usiku mmoja, mji unauona jioni na alfajiri, halafu kabla malori hayajachangamka unatoka unaelekea feri.

Kilwa ni jambo lingine kabisa. Kwa mtu wa Mtwara sio karibu, ukitoka Lindi mpaka Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, ni kama kilomita 180, kwa hiyo hapo baiskeli inapanda juu ya basi (funga mwenyewe kwa mpira wa tyubu, usimwachie konda, na toa kioo na taa kabla), lakini ukifika unapewa kitu ambacho Msimbati haina.

Kilwa Kisiwani hakuna magari, basi. Unaacha gati ya Kilwa Masoko, unavuka kama kilomita mbili za maji, na upande wa pili ni vijia vya udongo mwekundu kati ya mibuyu, mashamba ya mihogo na magofu. Kibali unachukua Masoko kabla ya kupanda boti, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, na boti unapatana bei, ukiwa na wenzako mnachanga. Kupandisha baiskeli kwenye dau kuna namna yake: unavua viatu unaingia maji ya magoti, unainua baiskeli begani upande wa cheni ukiwa juu, unampa baharia kwanza gurudumu la mbele naye analilaza karibu na mlingoti, alafu unazunguka kupandia nyuma. Cheni isiguse maji ya chumvi kama unaweza kuizuia. Ikigusa, jioni ile ile mwagia maji baridi ya kisima, ifute, weka oili, ukilala nayo hivyo hivyo kesho inalia kila ukikanyaga.

Msikiti Mkuu wa Kilwa uanze nao. Ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa sana karne ya 14, ukisimama katikati ya nguzo ukaangalia juu kwenye yale makuba ya mawe ya matumbawe unabaki kimya tu. Kutoka pale unaendesha kuelekea Husuni Kubwa, jumba alilojenga sultani al-Hassan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, liko ukingoni juu ya bahari na ndani yake kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Ni huyo sultani aliyempokea Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331, na Ibn Battuta akaandika kwamba Kilwa ni moja ya miji mizuri zaidi. Utajiri ule ulitokana na dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo) iliyopitia hapa, na sarafu za Kilwa zilisafiri mpaka zingine ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini ya Australia mwaka 1944. Gereza, ile ngome unayoiona kwanza ukitoka kwenye boti, Wareno walijenga ngome hapo 1505 na inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya Waomani. UNESCO iliiweka Kisiwani pamoja na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia 1981, ikaingia kwenye orodha ya hatarini 2004 na ikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati, ambayo wanakijiji wenyewe walishika sana.

Kwa hiyo tafadhali baiskeli usiegemeze ukutani. Zile kuta ni matumbawe na chokaa, mshikio wa baiskeli ukikwaruza pale umekwaruza kitu kilichosimama miaka mia saba. Iache chini ya mbuyu utembee kwa miguu, mwongozaji utakuwa naye na wengi wao ni vijana wa kisiwani wanaojua habari ambazo hazijaandikwa popote. Kisiwani pia watu wanaishi, wanasali, wanalima, kaptura fupi ya mbio za baiskeli ifunike kwa kikoi ukiingia kijijini.

Ila nikiwa mkweli, kwa upande wa kuendesha tu, Kisiwani ni fupi. Mtu mwenye miguu anaimaliza asubuhi moja. Anayetaka kilomita aunganishe na Kilwa Kivinje, na hapo unarudi kwenye lami. Masoko mpaka Kivinje inakaribia kilomita 30, barabara ina magari machache kuliko ile ya Mtwara na haina makaa ya mawe, ingawa ujenzi wa bandari ya uvuvi pale Masoko ulileta malori yake. Kwenda unaelekea kaskazini kusi inakusukuma, kurudi unaipata usoni, yaani kinyume kabisa na Msimbati, na hiyo ndo maana kwa Kivinje nashauri ukalale huko huko au urudi na usafiri. Kivinje inastahili. Ni mji wa karne ya 19, wa meno ya tembo na wa watumwa, majengo ya Kijerumani yanaanguka polepole mbele ya bahari, na hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyepigana nao, mwezi Novemba 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Wenyeji mti ule walikuwa wanauita Mwembe Kinyonga. Mtoto wa shule anayeendesha baiskeli kutoka Husuni Kubwa mpaka Mwembe Kinyonga amepita historia ya pwani hii kwa miguu yake mwenyewe, na ndo maana kwa vikundi vya wanafunzi mi sisiti, Kilwa.

Rondo sasa. Hapa tunaacha pwani.

Uwanda wa Rondo uko magharibi ya Lindi mjini, kutoka usawa wa bahari unapanda mpaka unakaribia mita 900, na juu kule hewa inabadilika, asubuhi kuna ukungu na unavaa sweta ukiwa ndani ya mkoa wa Lindi, wageni hawaamini. Watu wengi wanapandia upande wa Mtama, lakini kufika Mtama lazima upite Mnazi Mmoja na ile lami ya makaa ya mawe niliyoisema juu. Ya kupita na baiskeli ni Ng'apa kwenda Rutamba, barabara ya vumbi, unapita maziwa madogo ya Rutamba na msitu wa hifadhi wa Litipo ulio katikati ya maziwa, na hapo ni pazuri kweli kweli, unatoka kwenye jua kali unaingia kivulini unasikia ndege tu na matairi yako. Halafu mlima unaanza na hauna haraka ya kuisha.

Msitu wa Rondo ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa mikubwa zamani, ulivunwa mvule sana enzi za mkoloni, na sehemu iliyobaki inasimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo ulizia kibali kwao Lindi kabla hujapanda. Humo ndani kuna komba wa Rondo, mnyama wa usiku wa gramu 60 hivi, miongoni mwa komba wadogo kabisa duniani, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Rondo. Kumuona ni bahati, kumsikia usiku inawezekana.

Lakini Rondo sio ya kila mtu na nisingependa mtu aende kwa sababu tu nimeisifia. Ni siku tatu sio moja. Kuna kipande utasukuma baiskeli kwa miguu na mzigo, gia ndogo kabisa haitasaidia. Maduka ni machache, maji unabeba lita nne au tano kwa siku, netiweki inapotea. Na wanyama wapo: vijiji vya Lindi viliteseka sana na simba miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, sikuhizi malalamiko zaidi ni ya tembo kwenye mashamba, kwa hiyo kila kijiji unachofika uliza habari za wanyama wiki hii, usiendeshe alfajiri sana wala magharibi, na usilale nje ya kijiji hata kama pamekuvutia vipi. Ukiwa peke yako usiende, muwe watatu au wanne na mmoja awe anajua kutengeneza.

Hapo kwenye kutengeneza ngoja nikae kidogo maana ndo panapoharibu safari nyingi. Fundi baiskeli yuko karibu kila kijiji kikubwa huku kusini, chini ya mwembe, ana pampu ya kusimama, solusheni, viraka vya kukata kwenye tyubu za zamani, na anaijua baiskeli ya inchi 28 kuliko anavyojua jina lake. Ya 26 pia tyubu utapata mjini Mtwara, Lindi, hata Masoko. Ila ukija na baiskeli mpya ya kisasa yenye gurudumu la 29 na zile valvu nyembamba, pampu ya fundi haiingii na tyubu hakuna mpaka Dar. Beba zako mbili na kile kishikizo cha kubadilisha valvu, kidogo kama kifundo cha kalamu, ukikisahau umekwama. Breki za diski za mafuta nazo ni hivyo hivyo, zikikataa Rutamba hakuna wa kukusaidia, za waya fundi anazimaliza na koleo. Kwa hiyo kwa Rondo mi naichagua baiskeli ya zamani ya gia ya 26 yenye breki za waya kabla ya ile ya bei mbaya. Kwa Msimbati unachohitaji ni tairi nene tu, gia hazina kazi. Kisiwani hata ya kukodi kijijini Masoko, ile ya keria, inatosha kabisa na kuna raha yake.

Msimu. Mvua zetu ni moja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, na Mei ya 2024 kimbunga Hidaya kilionyesha kwamba hata Mei sio salama, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika pale Somanga na mabasi yakalala njiani. Weka Juni kwenda Oktoba. Juni mpaka Agosti hewa ni nzuri kuliko zote ila ndo wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ukiona vumbi la njano linapanda shambani simama upande upepo unakotoka mpaka wamalize, inawasha macho na kifua. Septemba na Oktoba kusi imelegea, mabibo yanaiva, njiani kila mahali unapewa mabibo na ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha, jua ndo kali. Mi ningechukua Septemba kwa Msimbati na Kilwa, na Julai kwa Rondo.

Gharama sitaki kutaja bei zitabadilika kesho, lakini kwa mpangilio wake: Msimbati ndo rahisi zaidi kwa mtu wa Mtwara maana hulipi usafiri, unalipa kivuko, kiingilio cha hifadhi na gesti. Kilwa inapanda kwa sababu ya basi, boti na mwongozaji, ila mkiwa sita inashuka sana. Rondo unalipa kidogo mfukoni na unalipa sana kwa miguu.

Newala na uwanda wa Makonde watu watauliza. Shimo la Mungu ni la kwenda kuona, ukisimama pale bonde la Ruvuma lote liko chini yako, lakini lami imeshapanda kutoka Mtwara mpaka Mnivata na magari yameifuata, kwa safari ya kukwepa magari siihesabu. Tendaguru nayo, kule Lindi ilikochimbwa mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, ile mifupa ambayo leo imesimama Berlin ina kimo cha zaidi ya mita 13, mtu mwenye uzoefu na mwenyeji wa Mipingo anaweza kwenda, lakini kwenye pori lenyewe hakuna kilichobaki cha kuonyeshwa kinacholingana na ugumu wa njia. Inauma, lakini ndo hali.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo: unaanza, hujawahi kuendesha zaidi ya kilomita 20 kwa siku, nenda Msangamkuu, vuka asubuhi, endesha mpaka Sinde au Mkubiru, kula samaki, rudi na kivuko cha mchana, usiguse Msimbati mara hii. Una miguu na unataka siku mbili bila gari, Msangamkuu mpaka Msimbati na ulale, angalia bamvua. Una watoto au wazazi, au wewe mwenyewe kinachokuvuta ni magofu kuliko kilomita, Kilwa bila kufikiri mara mbili, Kisiwani siku moja Kivinje siku moja. Wenye kikundi cha watu wanaoaminiana na baiskeli zilizokaguliwa, Rondo kwa njia ya Rutamba, na mkianza kupanda mpeni yule mwenye vifaa akae nyuma ya wote, maana anayeharibikiwa huwa hayuko mbele.